Afya ya Mwanachama na Mazao ya Chama: Somo kwa Vyama vya Msingi

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha wajumbe wa Bodi, mameneja na wanachama kuelewa mambo matatu: uhusiano uliopo kati ya ugonjwa na upotevu wa mazao ya chama; namna mfuko wa afya wa pamoja unavyofanya kazi; na wajibu wa chama cha msingi katika kuwasaidia wanachama wapate matibabu bila kuuza mashamba yao. Somo lisomwe kwa sauti katika mkutano, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kwa vikundi.

1. Ugonjwa na ghala la chama

Mkutano Mkuu unapojadili kupungua kwa mazao yanayoletwa ghalani, sababu zinazotajwa huwa ni zile zile: mvua, bei, uhaba wa pembejeo, na wanunuzi wa magendo. Ni nadra ugonjwa kutajwa. Hata hivyo, mtu akifuatilia kwa nini mwanachama mwaminifu aliuza kahawa yake ikiwa ingali maua, mara nyingi atakuta kwamba nyumbani kulikuwa na mgonjwa.

Katika Mkoa wa Kagera biashara hiyo huitwa butura. Mnunuzi humpa mkulima fedha kidogo wakati kahawa iko mtini, na mavuno yakifika huja kuichukua yote. Katika mikoa ya kusini, ununuzi wa korosho unaovikwepa vyama na kumpunja mkulima hujulikana kwa jina la kangomba. Serikali imepiga marufuku biashara hizo mara nyingi, na vyama vimezilaani katika kila mkutano. Lakini amri peke yake haimponyi mtoto mwenye homa kali saa nane za usiku. Mzazi aliye katika hali hiyo haulizi bei ya mnada itakuwa kiasi gani miezi minne ijayo. Huuliza ni nani mwenye fedha usiku huo, na mwenye fedha mara nyingi ni yule yule mnunuzi wa butura.

Kwa sababu hiyo afya ya mwanachama si jambo la Serikali na hospitali pekee. Ni jambo la ghala, la mizania na la uhai wa chama. Mwaka 1995, katika mkutano wake wa Manchester, Shirikisho la Ushirika Duniani liliongeza msingi wa saba katika misingi ya ushirika, nao ni kuijali jamii. Kwa chama cha wakulima msingi huo si pambo la maneno. Chama kisichojali afya ya watu wake kitayafuata mazao yao kwa wanunuzi wa magendo kila msimu.

2. Jinsi mfuko wa pamoja unavyofanya kazi

Mfuko wa afya ni ushirika ndani ya ushirika. Kaya nyingi hutoa mchango mdogo kabla ya kuugua, ili zile chache zitakazougua zitibiwe kwa fedha za wote. Hakuna ajuaye mapema ni kaya ipi itakayougua, ndiyo maana wote huchangia.

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu. Kijiji kina kaya 100, na kila kaya hutoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 3,000,000. Ikiwa katika mwaka huo kaya 20 zitahitaji matibabu, na kila moja ikagharimu shilingi 100,000, gharama yote itakuwa shilingi 2,000,000. Mfuko utalipa na utabaki na shilingi 1,000,000 za akiba.

Sasa watu waseme, "Mimi nitajiunga siku nitakapougua." Kaya 80 zenye afya zitakaa nje, na zile 20 zenye wagonjwa ndizo zitakazojiunga. Mfuko utapata shilingi 600,000, nao utadaiwa shilingi 2,000,000. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kuishi hata mwaka mmoja, hata kama viongozi wake ni waaminifu. Wanachama wengi hudhani mifuko hufa kwa wizi peke yake. Hapana. Hufa pia kwa sababu wazima huwaachia wagonjwa.

Ikumbukwe vilevile kwamba mwanachama ambaye hakuugua hakupoteza fedha zake. Amenunua usalama wa mwaka mzima, kama vile chama kinavyokata bima ya moto ya ghala bila kuomba ghala liungue.

3. Kutoka Igunga hadi Sheria ya mwaka 2023

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, matibabu katika zahanati na hospitali za Serikali ya Tanzania yalitolewa bila malipo. Gharama zilipozidi uwezo, Serikali ilianza utaratibu wa kuchangia katika hospitali zake mwaka 1993. Hapo ndipo lilipotokea swali la mkulima: atawezaje kuchangia mwezi wa Februari, wakati fedha zake huja mara moja kwa mwaka baada ya mavuno?

Jibu lilianza kujaribiwa mwaka 1996 katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, nchi ya wakulima wa pamba. Uliundwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, nayo ikatibiwa katika kituo ilichojiandikisha bila kulipa tena kila ilipokwenda. Serikali iliongeza kiasi sawa na kile kilichochangwa na wananchi, utaratibu uliojulikana kwa jina la tele kwa tele. Mwaka 2001 Bunge lilitunga Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na Halmashauri nyingi zikaanzisha mifuko yao.

Nia ilikuwa njema, lakini kwa muda mrefu waliojiunga walibaki wachache. Wilaya nyingi zilikaa chini ya kaya 1 kati ya 10. Sababu zake zinafaa kujulikana na kila kiongozi wa chama, maana ndizo zinazoweza kukiangusha chama chochote.

Kwanza, kadi ilikubaliwa katika kituo kimoja tu, na mgonjwa aliyepelekwa hospitali mara nyingi alilipa tena. Pili, mwanachama alifika zahanati na kadi yake akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Tatu, fedha zilikusanywa kijijini zikapelekwa katika akaunti ya wilaya, na waliochanga hawakuona zilivyotumika. Nne, wengi walisubiri mpaka waugue. Kadi isiyopata dawa ni karatasi tu, na mtu aliyedanganyika mara moja huwaeleza jirani zake kumi.

Marekebisho yalifuata. Katika Mkoa wa Dodoma, na baadaye Morogoro na Shinyanga, ulijaribiwa mfuko ulioboreshwa, ambao waandikishaji wake waliwafuata wananchi vijijini wakitumia simu za mkononi. Mwaka 2018 mfuko huo ulioboreshwa ulienezwa nchini. Kaya ya watu wasiozidi 6 ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya nchi, na matibabu yakapatikana kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha nyingi za uendeshaji zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya zahanati na kituo cha afya, badala ya kukaa wilayani. Kuhusu dawa, ulienezwa mfumo wa Jazia, uliokuwa umeanzia Dodoma mwaka 2014: dawa zikikosekana Bohari ya Dawa, kituo huruhusiwa kuzipata kwa muuzaji aliyechaguliwa kwa ushindani katika mkoa. Aidha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha mpango ulioitwa Ushirika Afya, mahususi kwa wakulima walio wanachama wa vyama vya msingi.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo shabaha yake ni kila mkazi wa nchi awe na bima, na ambayo inaweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Majina ya mipango na viwango vya michango hubadilika kadiri sheria zinavyobadilika. Kabla ya kila msimu chama hakina budi kupata kutoka Halmashauri kiwango na masharti ya mwaka husika, kwa maandishi. Lakini kanuni zilizofundishwa na Igunga hazibadiliki.

4. Mafunzo kutoka kwa wakulima wa nchi nyingine

Tanzania si nchi pekee iliyokabili jambo hili. Mifano miwili inafaa kutajwa, kwa sababu inahusu wakulima na wanaushirika.

Mfano wa kwanza ni wa Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1986 hospitali ya huko ilianzisha mfuko ambao kila mtu alitoa mchango mara moja kwa mwaka, na msimu wa kuchanga ukapangwa wakati wakulima wanapokuwa na fedha za mazao mkononi. Mgonjwa alipolazwa alilipa sehemu ndogo tu ya gharama. Watu wengi wa eneo hilo walijiunga. Lakini uchunguzi ulionyesha jambo moja la kufikirisha: waliokaa mbali na hospitali waliitumia kidogo kuliko waliokaa karibu, ingawa wote walikuwa wametoa mchango ule ule. Kadi haifupishi njia. Anayekaa mbali anahitaji pia namna ya kufika.

Mfano wa pili ni wa jimbo la Karnataka, nchini India. Mwaka 2003 ulianza huko mpango wa Yeshasvini kwa wanachama wa vyama vya ushirika vya vijijini. Mchango ulikuwa rupia 60 kwa mwaka, yaani rupia 5 kwa mwezi, na faida yake kubwa ilikuwa upasuaji katika hospitali zilizofanya mkataba na mpango. Vyama ndivyo vilivyoandikisha watu na kukusanya michango, kwa kuwa tayari vilikuwa na madaftari ya wanachama na vilijuana nao. Mwaka wa kwanza walijiunga watu wapatao milioni 1.6. Mchango ulipopandishwa hadi rupia 120, idadi ilishuka. Mpango ulisimamishwa mwaka 2018 ukaingizwa katika mpango wa serikali ya jimbo, kisha ukarejeshwa mwaka 2022. Funzo lake ni kwamba chama cha ushirika kinaweza kuandikisha watu wengi kwa muda mfupi, lakini watu hao hao huondoka haraka ikiwa mchango unapanda bila wao kuelezwa na kukubali.

5. Wajibu wa chama cha msingi

Chama cha msingi si hospitali, wala hakitakiwi kuunda bima yake chenyewe bila idhini ya sheria. Kazi yake ni kuwa daraja kati ya mwanachama na mfuko halali. Mambo yafuatayo yazingatiwe.

(a) Uamuzi utoke kwenye Mkutano Mkuu. Bodi ilete hoja, Mganga Mkuu wa Wilaya au mwakilishi wake aalikwe kueleza masharti, na wanachama waulize maswali mpaka waridhike. Uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

(b) Kila mwanachama atoe ridhaa kwa saini au dole gumba. Fedha za mazao ni jasho la mkulima. Makato ambayo hakuyakubali, hata yakiwa kwa faida yake, humfanya aone chama kama mnyang'anyi, naye msimu ujao atapeleka mazao kwingine. Pale ambapo sheria inamtaka kila mtu awe na bima, ridhaa inayotafutwa ni ya kukatwa kupitia chama. Mwanachama anaweza kuchagua kulipa mwenyewe kwa njia nyingine.

(c) Mchango ukatwe wakati wa mavuno. Malipo ya awali ndiyo wakati ufaao. Mwenye madeni mengi ya pembejeo aruhusiwe kugawanya mchango wake kati ya malipo ya awali na malipo ya pili, mradi aelezwe wazi kwamba matibabu yataanza mchango utakapokamilika.

(d) Majina ya wategemezi yahakikiwe. Mara nyingi mume hujiandikisha na kumsahau mtoto aliyezaliwa baada ya kadi ya kwanza, au mama mzee anayemtunza. Mke wa mwanachama awepo wakati wa kuandikisha, kwani yeye ndiye anayejua nani yumo nyumbani na nani huugua mara kwa mara.

(e) Wasio na uwezo wasiachwe. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza wamewekewa msamaha katika vituo vya Serikali, na chama kiwaeleze watu haki hiyo. Kwa mwanachama mjane au mlemavu ambaye mavuno yake hayatoshi, Mkutano Mkuu unaweza kutenga sehemu ya ziada ya mwaka kumlipia. Kulipia kaya tano maskini hakukifilisi chama.

(f) Chama kiwe na sauti kwenye zahanati. Kila kituo kina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Wanachama wagombee nafasi hizo. Mjumbe akiwa humo aulize kila robo mwaka: fedha kiasi gani zimeingia kwenye akaunti ya kituo? Zimetumika kununua nini? Ni dawa zipi zilikosekana, na kwa siku ngapi? Majibu yaletwe kwenye mkutano wa chama kama zinavyoletwa taarifa za bei.

6. Fedha za afya katika vitabu vya chama

Hapa ndipo vyama vingi vinapoweza kuteleza. Fedha za michango ya afya si mapato ya chama. Ni amana. Zikikatwa leo, chama kinadaiwa mpaka zifike kwenye mfuko. Kwa hiyo zifunguliwe akaunti yake katika leja, na salio lake lionyeshwe kwenye mizania upande wa madeni, siyo upande wa mapato. Ni mwiko kuzitumia kununua magunia, kulipa posho za vikao au kukopesha, hata kwa siku tatu.

Mfano: chama kina wanachama 240, na 180 kati yao wameridhia kukatwa shilingi 30,000 kila mmoja. Makato yote ni shilingi 5,400,000. Meneja anapeleka kwenye mfuko shilingi 4,950,000 na kupewa stakabadhi. Akaunti ya michango inabaki na shilingi 450,000. Mtu asiyezoea hesabu atasema salio hilo ni dogo. Lakini maana yake ni kwamba kaya 15 zimekatwa fedha na hazimo kwenye orodha ya zahanati. Mama mmoja kati yao atafika na mtoto mgongoni, atataja jina la chama, na ataambiwa hatambuliki. Siku hiyo heshima ya chama itakuwa imekwisha katika kijiji kizima, na mnunuzi wa butura hatahitaji kujitangaza.

Kwa hiyo fedha zipelekwe mara tu makato yanapokamilika, zikifuatana na orodha ya majina. Jumla ya orodha ilingane na jumla ya stakabadhi ya mfuko, na zote mbili zilingane na makato yaliyo kwenye daftari la malipo ya mazao. Nakala ya orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama, ili kila mmoja ajisomee jina lake. Kamati ya Usimamizi ilinganishe maandishi hayo matatu kabla Bodi haijafunga hesabu za msimu.

7. Afya kabla ya ugonjwa

Mfuko bora ni ule unaolipia wagonjwa wachache. Wazee wengi wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi vya masomo, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Njia yake ilikuwa rahisi: kusikiliza, kujadili, kuamua na kutenda siku ile ile. Vyama vya ushirika vina mikutano tayari, na vinaweza kuirudia njia hiyo.

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa chama chenyewe. Viuatilifu visihifadhiwe chumba kimoja na mazao ya chakula. Makopo yake yasigawiwe kwa kuchotea maji au kuwekea mafuta ya kula. Wapuliziaji wa dawa za pamba na salfa ya korosho wapewe barakoa na glavu pamoja na dawa yenyewe, siyo baada ya kifua kuanza kuuma. Ghala liwe na choo na maji ya kunawa, kwani wakati wa msimu mamia ya watu hupita hapo. Na gari la chama, pale lilipo, liwe na utaratibu ulioandikwa wa kumpeleka mgonjwa mahututi, na atakayelipia mafuta ajulikane kabla ya dharura.

8. Maswali ya kujadili

1. Katika msimu uliopita, ni wanachama wangapi wa chama chenu waliouza mazao kabla ya mavuno? Wangapi kati yao walikuwa na mgonjwa?

2. Kwa nini mfuko unaojiungwa na wagonjwa peke yao hauwezi kudumu? Elezeni kwa kutumia hesabu ya kaya 100.

3. Ni sababu zipi zilizowafanya watu wengi wasijiunge na mfuko wa zamani? Ipi kati yake bado ipo katika zahanati yenu?

4. Nani anawawakilisha wanachama kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati? Lini alitoa taarifa mara ya mwisho?

5. Mwanachama akikatwa mchango leo, ataonaje kwamba umefika? Taja maandishi matatu atakayoweza kuyakagua.

6. Chama chenu kina kaya ngapi zisizo na uwezo wa kuchangia, na Mkutano Mkuu ujao utaamua nini juu yao?

Kila kikundi kiandike majibu yake na kumkabidhi Katibu. Majibu ya swali la kwanza na la sita yaingizwe katika ajenda za Mkutano Mkuu kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, kwa kuwa mchango wa afya hukatwa wakati fedha zipo, na maamuzi yake sharti yawe yamefanyika kabla ya hapo.